Sindano ya vitamini C kwa mgonjwa wa kiseyeye: dalili zinazotia shaka na namna ya kutafuta chanzo

Sindano ya vitamini C, yaani asidi ya askobiki, inatumika ipasavyo inapotolewa kwa muda mfupi kwa mgonjwa wa kiseyeye, yaani ugonjwa wa kupungukiwa vitamini C, ambaye hawezi kumeza dawa, anatapika kila anachokunywa, au utumbo wake haufyonzi virutubishi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya aina hii kwa watu wazima na kwa watoto kuanzia miezi 5, na masharti ya idhini hiyo ndiyo yanayotumika hapa kama kipimo cha matumizi salama. Mwenye umri wa miaka 11 na zaidi hupewa miligramu 200 kwa siku. Mtoto wa mwaka 1 ambaye hajatimiza miaka 11 hupewa miligramu 100. Na mtoto wa miezi 5 ambaye hajatimiza mwaka hupewa miligramu 50. Dawa hutolewa mara moja kwa siku, kwa njia ya mshipa, ikiwa imezimuliwa, kwa siku zisizozidi 7.

Viwango hivyo ni vidogo kuliko vile ambavyo wengi wamezoea kuvisikia. Mwili wa mtu mzima mwenye afya hubeba takriban gramu moja na nusu ya vitamini hii, na dalili za kiseyeye hujitokeza akiba hiyo inaposhuka chini ya miligramu 300 hivi, kwa hiyo kinachohitajika ni kujaza akiba iliyokauka, wala hakuna sababu ya kuufurikisha mwili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi na matabibu wa vituo vidogo, na pia kwa ndugu wanaomuuguza mgonjwa na wanaotaka kujua ni lini wapige kelele. Haumruhusu mtu yeyote kujichoma sindano nyumbani.

Siku zinapita na mgonjwa hapati nafuu

Kabla ya kuilaumu dawa, ni vizuri kujua nafuu ya kweli huja kwa mpangilio gani. Uchovu, kukosa hamu ya kula na maumivu ya miguu huanza kupungua ndani ya siku moja au mbili. Fizi huacha kutoa damu siku chache baadaye. Madoa ya damu chini ya ngozi hufifia katika wiki ya kwanza na ya pili. Na kupona kabisa kunaweza kuchukua hadi miezi 3. Kwa hiyo mgonjwa ambaye siku ya pili bado ana madoa miguuni hana tatizo lolote la tiba, ilhali yule ambaye siku ya tano maumivu yake yako palepale na hali yake haijachangamka hata kidogo anapaswa kuchunguzwa upya.

Chanzo cha kwanza cha kufikiriwa ni kwamba ugonjwa si kiseyeye. Fizi hutoka damu kwa sababu nyingi, na iliyo ya kawaida kuliko zote ni uchafu ulioganda kwenye meno. Lakini zipo pia saratani ya damu, upungufu wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyozidi kiwango. Dalili zinazoelekeza kwenye kiseyeye kwa uhakika zaidi ziko kwenye ngozi: vitone vya damu vinavyozunguka mashina ya vinyweleo, hasa mapajani na kwenye miundi, pamoja na vinyweleo vyenyewe kujipinda na kukatika. Jeraha la zamani linaloanza kufunguka tena ni dalili nyingine nzito. Ikumbukwe kwamba fizi huvimba mahali penye meno, hivyo mzee aliyeng'oka meno yote anaweza kuwa na kiseyeye kilichokomaa huku kinywa chake kikionekana salama.

Kwa mtoto mdogo sura ya ugonjwa ni tofauti. Mtoto aliyekuwa ameanza kutembea hukataa kusimama, hulala ameikunja miguu na kuyaachia magoti yaangukie nje, na hulia kwa uchungu anaponyanyuliwa kubadilishwa nepi, kwa sababu damu imevuja chini ya utando wa mifupa. Watoto wa namna hii hutibiwa kama wana usaha kwenye mfupa, au hudhaniwa kuwa wana maumivu ya selimundu, na wapo wanaochomwa antibiotiki kwa wiki nzima kabla mtu hajauliza wanakula nini. Swali hilo lina thamani kubwa kuliko vipimo vingi. Mtoto aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na uji mtupu, bila tunda wala mboga, yuko hatarini, na dalili hujitokeza baada ya mwezi 1 hadi 3 wa kuishi hivyo. Picha ya eksirei ya magoti huweza kuimaliza shaka.

Watu wazima nao hupotezwa vivyo hivyo. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 2017 na 2018 vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kulalamika maumivu na uvimbe wa miguu, na chanzo hakikujulikana mara moja. Uchunguzi ulipofanyika iligundulika kuwa ni kiseyeye, na waliopewa vitamini C walipata nafuu. Ugonjwa huu haujabaki kwenye masimulizi ya mabaharia.

Pale ambapo maabara inaweza kupima kiwango cha vitamini C, damu ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza. Kiwango kilicho chini ya mikromoli 11 kwa lita huunga mkono utambuzi, lakini kipimo hicho huakisi alichokula mtu siku za karibuni, na dozi moja tu inatosha kukifanya kionekane cha kawaida wakati tishu bado zina njaa.

Ikiwa ni kiseyeye kweli na nafuu haiji, yatazamwe mambo mengine. Chakula kilichokosa vitamini C kwa kawaida kimekosa pia foleti na mara nyingi madini ya chuma, kwa hiyo mgonjwa ataendelea kuwa mweupe viganjani na kuchoka hadi upungufu huo nao utibiwe. Huenda pia kinachoondoa vitamini hii mwilini kinaendelea kufanya kazi: kuharisha kwa muda mrefu, kusafishwa damu kwa mashine, au uvutaji wa sigara. Na huenda dawa aliyopewa ilikuwa imeshaharibika, jambo ambalo nitalirudia mbele. Mtu mzima ambaye wiki ya kwanza imekwisha bila mabadiliko anaweza kurudiwa kwa uamuzi wa daktari, baada ya utambuzi kupitiwa upya. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 11 kurudia sindano hakupendekezwi.

Mkono unauma au unavimba palipochomwa

Maumivu na uvimbe wa mahali pa sindano ndiyo malalamiko ya kawaida kuliko yote, na mara nyingi chanzo chake ni dawa kutozimuliwa. Kichupa chenye miligramu 500 katika kila mililita kina mkolezo mkubwa kupita kiasi kwa mshipa wa mkono, hivyo dawa yake haipaswi kusukumwa ilivyo. Huzimuliwa kwa dekstrosi ya asilimia 5 au kwa maji tasa ya sindano hadi kila mililita iwe na miligramu 1 hadi 25, ambayo maana yake ni kwamba dozi ya mtu mzima ya miligramu 200 haiwezi kuwa chini ya mililita 8 inapoingia mwilini.

Hapa ndipo lilipo kosa ninaloliona kuwa la hatari kuliko yote katika utayarishaji. Dawa hii hutengenezwa kwa nguvu tofauti na kampuni tofauti. Ampuli ya mililita 5 iliyoandikwa miligramu 500 ina miligramu 100 katika kila mililita, na dozi ya mtu mzima ni mililita 2. Kichupa cha miligramu 500 kwa mililita kinahitaji mililita 0.4 tu kwa dozi ileile. Muuguzi aliyezoea ampuli ya kwanza akivuta mililita 2 kutoka kwenye kichupa cha pili amempa mgonjwa miligramu 1,000, yaani mara tano ya alichoandikiwa. Kwa mtoto mchanga wa miligramu 50 tofauti ni kati ya mililita 0.5 na mililita 0.1, kipimo ambacho hakisomeki vizuri isipokuwa kwenye bomba dogo la mililita 1. Kwa sababu hiyo kadi ya mgonjwa iandikwe miligramu, isiandikwe "ampuli moja" wala "nusu ampuli", na nguvu iliyo kwenye lebo isomwe kwa sauti na watu wawili kabla dawa haijavutwa.

Iwapo eneo la kanula, yaani kijibomba kinachoachwa ndani ya mshipa, limevimba, limekuwa la baridi na dawa haishuki, basi kanula imetoka kwenye mshipa na dawa inamwagika kwenye nyama. Ifungwe, itolewe, mkono uinuliwe, na mshipa mwingine utafutwe mkono wa pili. Wekundu, joto na usaha vinavyojitokeza siku ya pili au ya tatu ni maambukizi, na hayo yana tiba yake.

Baadhi ya ampuli zina maelekezo yanayoruhusu sindano ya msuli. Kwa mgonjwa wa kiseyeye njia hiyo ina ubaya wake: mishipa yake midogo ni dhaifu, na sindano iliyozama kwenye paja au tako huweza kuacha donge la damu linalouma kwa wiki. Kama hakuna namna nyingine, pabanwe kwa pamba kwa dakika kadhaa badala ya kupanguswa tu.

Kizunguzungu, kichefuchefu na joto la ghafla dawa inapoingia

Chanzo kikuu ni kasi. Dozi ya miligramu 200 huingizwa kwa dakika 6 hivi. Ya mtoto wa mwaka 1 hadi 10 huingizwa kwa dakika 30. Na ya mtoto aliye chini ya mwaka huchukua karibu dakika 40. Mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni anayemaliza kazi hiyo kwa sekunde chache atamwona mgonjwa akishika kichwa, akitokwa na jasho na kusema anataka kutapika. Dawa isimamishwe, mgonjwa alazwe chali, shinikizo la damu lipimwe, kisha iendelezwe polepole hali ikitulia. Mgonjwa atibiwe akiwa amelala au ameegemea, kwa kuwa kiseyeye kilichokomaa chenyewe huweza kumwangusha mtu anaposimama ghafla.

Hali hiyo isichanganywe na mzio. Upele unaowasha mwili mzima, midomo kuvimba, sauti kukauka au pumzi kubana ni dharura: dawa isimamishwe moja kwa moja na isirudiwe, adrenalini ichomwe kwenye msuli wa paja, na mgonjwa apelekwe hospitali. Kituo kisicho na adrenalini hakipaswi kumpa mtu sindano ya mshipa ya aina yoyote, na hilo mgonjwa ana haki ya kuliuliza kabla hajakunja shati.

Mkojo mweusi, macho ya njano, kuishiwa nguvu ghafla

Mkojo ukitoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, saa au siku chache baada ya sindano, dhana ya kwanza ni kwamba chembe nyekundu za damu zinapasuka, na chanzo chake ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huu hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na umeenea katika maeneo ambayo malaria imekaa kwa karne nyingi, ukiwemo mwambao wa Kenya na Tanzania pamoja na kandokando ya Ziwa Victoria. Wengi walio nao hawajui, kwa sababu huishi bila dalili hadi siku wanapokutana na dawa isiyowapatana.

Maswali machache kabla ya sindano ya kwanza husaidia sana. Je, mgonjwa au kaka yake aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza primakwini (dawa ya malaria) au dapsoni (dawa ya ukoma)? Je, alipozaliwa alipata manjano makali yaliyohitaji mwanga wa hospitali au kubadilishwa damu? Je, katika ukoo wa mama yake wapo wanaume waliopata shida kama hiyo? Jibu la ndiyo linamaanisha apimwe kwanza. Aliyethibitika kuwa na upungufu huo hapewi dozi kamili. Daktari humpa kiasi kinacholingana na mahitaji ya kawaida ya siku, huku wingi wa damu ukifuatiliwa.

Tatizo likishatokea, sindano isirudiwe, himoglobini ipimwe siku hiyohiyo, na mgonjwa awe mahali ambapo damu ya kuongezwa inapatikana. Kipimo cha G6PD kinachofanywa katikati ya msukosuko huo kinaweza kudanganya, kwa maana chembe zenye upungufu zimeshapasuka na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha; majibu mazuri ya siku hiyo yasiaminiwe, na kipimo kirudiwe miezi kama 3 baadaye.

Wapo pia wagonjwa ambao shida yao ni madini ya chuma yaliyolundikana, kama wenye selimundu waliokwisha kuongezewa damu mara nyingi. Vitamini C huongeza ufyonzaji wa chuma na kukichochea kilichohifadhiwa mwilini, na moyo unaweza kudhurika. Kwa hao uamuzi ni wa daktari bingwa.

Mkojo unapungua, kiuno kinauma

Sehemu ya vitamini C hugeuka mwilini kuwa oksaleti, ambayo hutolewa kwa njia ya figo. Dozi zikiwa kubwa au zikirudiwa kwa muda mrefu, oksaleti huganda ndani ya figo na kuziziba, au hujenga mawe. Walio hatarini zaidi ni wenye figo dhaifu, waliowahi kuwa na mawe, wazee, na watoto wadogo sana. Mgonjwa anayepata mkojo kidogo kuliko kawaida, uvimbe wa miguu, au maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka kuelekea kinenani asimamishiwe dawa, apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo, na asielezwe kwamba "mwili unatoa sumu".

Kipimo cha sukari kinatoa namba zisizoeleweka

Vitamini C nyingi kwenye damu huzichanganya baadhi ya mashine ndogo za kupimia sukari kidoleni, zikasoma juu kuliko hali halisi. Hatari yake iko wazi: mgonjwa wa kisukari huongezewa insulini kwa sukari ambayo hana, akaanguka. Kwenye mkojo mambo hugeuka, kijiti kikaonyesha kwamba hakuna sukari, damu wala maambukizi wakati vipo. Iwapo namba hazilingani na hali ya mgonjwa, mfano mashine inasoma milimoli 18 kwa lita, yaani juu sana, naye anatetemeka na kutokwa na jasho jembamba, atibiwe kama mtu ambaye sukari yake imeshuka, na damu ya mshipa ipelekwe maabara. Inapowezekana, vipimo vya namna hii vingoje saa 24 baada ya sindano, na maabara iambiwe kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa hii.

Dawa nyingine nazo ziangaliwe. Anayetumia wafarini apimwe mgando wa damu mara kwa mara zaidi, na anayetibiwa saratani ya Kaposi kwa bleomaisini amweleze daktari wake, kwa kuwa majaribio ya maabara yameonyesha vitamini C ikipunguza nguvu ya dawa hiyo.

Dawa imebadilika rangi au ampuli inafyatuka

Dawa nzima haina rangi au ina umanjano hafifu. Iliyokuwa ya kahawia, au yenye chembe zinazoelea, imeoza kwa hewa, mwanga au joto, na itupwe. Ihifadhiwe kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, ndani ya boksi lake, mbali na mwanga. Duka linaloipanga kwenye rafu ya dirishani linauza kitu kisichojulikana nguvu yake. Ampuli iliyokaa muda mrefu hujenga shinikizo ndani, kwa hiyo ifungiwe kitambaa au shashi shingoni kabla ya kuvunjwa. Kilichobaki kwenye ampuli hakiwekwi akiba ya kesho.

Anayepata madhara hakuwa na kiseyeye tangu mwanzo

Sehemu kubwa ya sindano za vitamini C zinazochomwa mijini siku hizi hazimhusu mgonjwa wa kiseyeye hata kidogo. Ni dripu za kung'arisha ngozi, mara nyingi zikichanganywa na glutathayoni, au za "kuongeza kinga", zenye gramu kadhaa kwa mkupuo, zikitolewa saluni au sebuleni na mtu asiyejua historia ya figo wala ya damu ya mteja wake. Madhara yote yaliyotajwa hapo juu huongezeka kadiri dozi inavyopanda, na faida ya upungufu kutibiwa haipo kwa kuwa upungufu haukuwepo. Aliyepata dalili baada ya dripu ya namna hiyo awaambie ukweli wahudumu wa hospitali bila aibu, na chupa au boksi la dawa lipelekwe pamoja naye. Madhara hayo yaripotiwe kwa mamlaka inayosimamia dawa, ambayo Tanzania Bara ni TMDA na Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu.

Dalili zinarudi baada ya sindano kuisha

Chanzo hapa karibu daima ni kwamba hakuna kilichoandaliwa cha kuifuata sindano. Mara mgonjwa anapoweza kumeza, hata kabla siku 7 hazijatimia, ahamishiwe kwenye vidonge: mtu mzima miligramu 300 hadi 1,000 kwa siku kwa mwezi mmoja, mtoto miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa siku mpaka apone. Vidonge vya kutafuna hupatikana hata kwenye maduka madogo ya dawa na bei yake haifiki ya kanula na mipira ya dripu.

Chakula kifuate hapohapo. Mwaka 1499 meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi zikitoka India, mabaharia waliokuwa hoi kwa ugonjwa huu walitafutiwa machungwa pwani. Na mwambao uleule leo una mapera, papai, ubuyu na maembe. Pera moja la wastani linatosha mahitaji ya siku ya mtu mzima. Unga wa ubuyu ukorogwe kwenye maji ya baridi au uji uliopoa, usichemshwe. Mchicha na kisamvu vipikwe kwa muda mfupi na maji yake yasimwagwe. Na kwa mgonjwa anayevuta sigara, mahitaji ya kila siku yahesabiwe kwa nyongeza ya miligramu 35 kwa muda wote atakaoendelea kuvuta.